Kimya cha Februari si jibu: kwa mwalimu anayesubiri barua za uzamifu wa fasihi

*"Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili, kaunti ya Kilifi. Nina shahada ya uzamili katika fasihi. Desemba nilituma maombi ya kusomea uzamifu wa fasihi katika vyuo vikuu vitano vya Marekani na kimoja cha Uingereza. Ninataka kutafiti mashairi ya zamani ya Mombasa na Lamu. Sasa Februari inakwisha. Chuo kimoja cha Marekani kimenikataa kwa mistari mitatu, vingine kimya. Mtandaoni nimeona mtu ameandika kwamba amekubaliwa katika idara mojawapo niliyoomba, tena wiki mbili zilizopita. Tangu siku hiyo silali. Naamka saa nane za usiku kuangalia simu, na hata darasani mkono hautoki mfukoni. Mjomba anataka kuitisha harambee ya safari. Jamaa mmoja mjini ananiambia nimtumie shilingi 40,000, ana mtu wa kusukuma faili huko. Je, kimya hiki maana yake nimekataliwa? Niwaandikie? Na nikikosa kote, nitauweka wapi uso wangu?"*

Mwalimu, pole kwa kukesha.

Nimelisoma swali lako mara mbili na naona ni maswali mawili yaliyofungwa pamoja. Kuna la kazi: kimya cha chuo kina maana gani, na wewe ufanye nini. Kuna na la mwili: mtu anakaaje na tumbo joto miezi mitatu bila kuumia. La kwanza nitakujibu kwa yakini, kwa sababu nimefundisha Kiswahili na fasihi katika chuo kikuu cha Marekani kwa miaka mingi, na majira kadhaa ya baridi nimekaa katika kamati inayosoma maombi kama hayo yako. La pili nitalijibu kama mtu aliyelipitia, na nitakuambia pia mahali ambapo maneno yangu hayatoshi.

Kwa ufupi: hapana. Kimya cha mwisho wa Februari hakikuambii kwamba umekataliwa. Hakikuambii umekubaliwa pia. Kinakuambia tu kwamba kazi yao haijaisha.

Najua si rahisi kuamini, maana ofisi zetu zimetufunza kuusoma ukimya kwa njia moja. Ukipeleka maombi ya uhamisho au hati ya shamba na wiki zikapita bila neno, unajua faili limekwama mezani kwa mtu, na halitainuka hapo mpaka uende ukabishe hodi, umtafute unayemjua, pengine utoe cha kutoa. Anayengoja kimya huonekana mzembe. Nadhani sehemu kubwa ya usingizi unaoukosa inatoka hapo: unahisi upo mlango mahali fulani unaopaswa kubishwa, nawe umekaa Kilifi ukifundisha ngeli. Mlango huo haupo. Ngoja nikupitishe njia ambayo faili lako linapita, uione mwenyewe.

Maombi yanayotumwa Desemba hayasomwi Desemba. Kuanzia Krismasi hadi baada ya mwaka mpya ofisi zimefungwa. Januari karani wa idara, ambaye mara nyingi ni mtu mmoja tu, anayakusanya: nakala za matokeo, barua tatu za mapendekezo, insha ya kueleza nia, makala yako ya mfano. Faili lenye pengo linawekwa kando mpaka pengo lizibwe. Hapo ndipo kamati ya walimu watatu, wanne au watano inapogawana mafaili, na hawa ni walimu wanaofundisha muhula huohuo na kusahihisha kazi za wanafunzi huku. Idara ya fasihi yenye jina hupokea mamia ya maombi kwa nafasi tano, nane, mara chache zaidi ya kumi na mbili. Kila faili husomwa na zaidi ya mtu mmoja, kisha orodha hupunguzwa, kisha yaliyobaki husomwa upya, safari hii makala ya mfano ikisomwa neno kwa neno.

Lako lina kituo cha ziada. Wewe umeomba kutafiti mashairi ya Mombasa na Lamu, na idara nyingi za fasihi linganishi hazina hata mtu mmoja anayeweza kuusoma ubeti wa Muyaka bin Haji, yule mshairi wa zamani wa Mombasa, na kujua kama umeufasiri vizuri au umeuparaza juujuu. Kwa hiyo kamati inamwomba mtu wa idara nyingine, mwalimu wa Kiswahili au mtafiti wa Afrika, alisome faili na kutoa maoni. Nimeombwa hivyo mara nyingi. Faili linaletwa kwangu katikati ya Februari, nina madarasa yangu, nalirudisha baada ya siku kumi. Katika siku hizo kumi mwombaji yuko mahali fulani akiiangalia simu na kuamini amekataliwa, kumbe faili lake limo mikononi mwa mtu pekee katika chuo kizima anayelisoma kwa furaha.

Halafu kuna kikao, na kikao hakiulizi tu nani bora. Kinauliza nani atamsimamia huyu. Nani anastaafu? Nani ana likizo ya utafiti? Mwaka jana tulichukua watu wawili wa ushairi, je, mwaka huu tuchukue wa riwaya? Nimekaa katika kikao ambapo mwombaji tuliyemsifu sote aliachwa, kwa sababu mwalimu pekee ambaye angemwongoza alikuwa anaondoka mwaka unaofuata. Barua aliyopata ilikuwa ileile ya mistari mitatu. Haikusema neno juu ya hilo. Ndiyo maana nakusihi usiitafsiri ile barua uliyoipata. Unajua kuuchambua ushairi, na mchambuzi ana tabia ya kutafuta maana ndani ya kila neno. Barua ya kukataa huandikwa mara moja na kutumwa kwa mamia. Haina fumbo ndani yake.

Baada ya kikao, majina hupelekwa juu kwa mkuu wa masomo ya uzamili, ambako huangaliwa kama fedha zipo. Hapa miaka hii pamekuwa pagumu. Mnamo Novemba 2024 Chuo Kikuu cha Boston kilitangaza kwamba hakitapokea wanafunzi wapya wa uzamifu katika idara kadhaa za sanaa na sayansi za jamii kwa mwaka wa 2025–26, ya Kiingereza ikiwemo. Mwaka 2025 Chuo Kikuu cha Chicago nacho kilitangaza kusitisha au kupunguza udahili wa uzamifu katika idara zake za sanaa na fasihi kwa mwaka uliofuata. Vyuo vingine vilipunguza nafasi bila kelele. Idara iliyokuwa ikichukua wanane inaambiwa ichukue watatu, nayo inaweza kuambiwa hivyo wakati kamati imekwisha kusoma. Hayo yote yanapita juu ya kichwa chako, na hakuna hata moja linalohusu ubora wa makala yako.

Sasa barua. Hazitumwi siku moja. Kwanza huandikiwa wale ambao idara imewapendekeza kwa ufadhili mkubwa wa chuo kizima, kwa sababu ushindani huo una tarehe zake za mapema. Kisha wengine waliokubaliwa. Kisha kuna kundi ambalo haliambiwi kitu, au linaambiwa limo katika orodha ya akiba. Barua za kukataa mara nyingi ndizo huja mwisho, na baadhi ya vyuo huziachia hadi Machi au Aprili. Yule uliyemwona mtandaoni huenda ni wa kundi la kwanza. Huenda anataka kusoma riwaya za Kiingereza za karne ya 19 na hamshindanii nafasi moja. Huenda anasema kweli na huenda hasemi. Kumbuka pia kwamba anayekubaliwa huandika saa hiyohiyo, na mamia wanaosubiri kama wewe hawana cha kuandika, kwa hiyo ukitazama pale unaona watu wote wameshapata isipokuwa wewe. Nakuomba usirudi kuangalia orodha hizo. Hazina habari yako.

Yule jamaa wa shilingi 40,000 ni tapeli. Sitalizungusha. Hakuna mtu katika idara ya fasihi ya Marekani anayeweza kulisogeza faili lako kwa fedha zilizotumwa kwa M-Pesa, na kama angelikuwepo, ungefutiwa maombi siku jambo hilo linapojulikana. Uzi wake umefumwa kwa ujanja: ukikubaliwa Machi atasema ni yeye, ukikataliwa atasema fedha hazikutosha. Usimpe nakala ya pasipoti wala neno la siri la akaunti yako ya maombi. Ikiwa umeshampa, libadilishe leo.

Je, uwaandikie? Bado. Subiri mpaka katikati ya Machi ipite. Ikifika hapo na chuo hakijasema kitu, andika barua pepe moja kwa mratibu wa udahili wa idara, siyo kwa profesa unayetaka akusimamie, kwa sababu profesa huyo mara nyingi hayumo katika kamati na akiwemo haruhusiwi kukueleza. Sentensi tatu zinatosha: jina lako na namba ya maombi, kwamba bado unaipenda nafasi hiyo, na kuuliza wanatarajia kumaliza lini. Usieleze unavyoteseka. Si kwamba hawana huruma, ila anayesoma barua hiyo ni yule karani mmoja niliyekutajia, naye hawezi kufanya lolote kuhusu hilo. Kuna hali mbili tu za kuandika mapema: umepata nafasi kwingine na unatakiwa kujibu, au kuna jambo kubwa jipya, kama makala yako kukubaliwa na jarida.

Tarehe unayopaswa kuiweka akilini ni Aprili 15. Vyuo vikuu vingi vya Marekani vimetia saini makubaliano ya Baraza la Shule za Uzamili kwamba mwanafunzi aliyepewa nafasi yenye ufadhili asishurutishwe kujibu kabla ya siku hiyo. Kinachofuata ni hesabu. Mtu hodari aliyepata nafasi tatu huzishikilia zote mpaka wiki ya mwisho, kisha huchagua moja na kuziachia mbili. Hapo ndipo nafasi hizo mbili zinapowaangukia watu wa orodha ya akiba. Nimeona waombaji wakiitwa Aprili 13, Aprili 14 jioni, hata baada ya 15. Wakikuambia umo katika orodha hiyo, lichukue kama nafasi ya kweli yenye uzito mdogo. Waulize kwa adabu kama orodha imepangwa kwa daraja, na waambie waziwazi kama ungekuja ukiitwa. Ukipata nafasi usiyoitaka, iachie mapema. Kuna mwenzako mahali fulani anaisubiri.

Uingereza ni habari nyingine kidogo. Huko nafasi na fedha ni milango miwili. Chuo kinaweza kukukubali mapema kabisa, na jibu la ufadhili likaja baadaye au lisije. Ukipata barua kutoka huko usipige vigelegele mpaka ujue nani analipa.

Hapo nimefika kwa mjomba wako, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu hili ndilo ninalolihofia zaidi kuliko kukataliwa.

Kuna barua ambazo zinasema "hongera" na ndani yake zina msiba. Ya kwanza ni ya kukubaliwa uzamifu bila ufadhili. Ya pili, ambayo huja sana mwezi Machi, ni ile inayosema kwamba idara haikuweza kukupa nafasi ya uzamifu lakini inafurahi kukukaribisha katika shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, pengine na punguzo la karo. Baada ya punguzo hilo, bado inaweza kukugharimu makumi ya maelfu ya dola pamoja na nyumba na chakula. Mtu ambaye hajalala miezi miwili akipata barua ya namna hiyo huishika kama mtu anayezama anavyoshika jani. Familia inachinja, mjomba anaitisha kikao, shamba linauzwa. Nimekutana na vijana wetu huko walioanza hivyo, na katika mwaka wa kwanza wameshakwama: karo ya muhula wa pili hawana, na viza ya mwanafunzi haiwaruhusu kufanya kazi nje ya chuo wapendavyo. Ndani ya chuo ni saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na malipo yake hayalipi karo.

Uzamifu wa fasihi unaostahili kukubaliwa ni ule ambao chuo kinakulipa wewe. Karo inafutwa, bima ya afya inalipwa, na unapewa posho ya kuishi kwa miaka mitano au sita. Nawe kwa baadhi ya miaka hiyo unafundisha, na kwa mtu wa fani yako mara nyingi utafundisha Kiswahili chenyewe. Barua ikija, tafuta ndani yake mambo haya kabla hujamwambia mtu. Ufadhili umehakikishwa kwa miaka mingapi, au ni mwaka mmoja "unaoweza kuongezwa"? Posho ni ya miezi 12 au 9? Ikiwa ni 9, kiangazi utakula nini? Bima inalipwa yote? Kuna ada nyingine ambazo msamaha wa karo hauzigusi? Kama una mume au mke na watoto, jua kwamba mwenza anayekuja kwa viza ya tegemezi wa mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi. Idara nzuri haikasiriki kuulizwa. Inayokasirika imekwisha kukupa jibu.

Kwa hiyo mwambie mjomba, kwa heshima zote, asubiri. Harambee ya tiketi ya ndege, ada ya viza na zile dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kuwafuatilia wanafunzi wa kigeni, ni jambo la maana, na inafanywa baada ya barua yenye fedha kufika. Harambee ya kulipia karo ya uzamifu wa fasihi isifanywe kabisa. Kisha usiache kazi. Tume ya Utumishi wa Walimu ina utaratibu wa likizo ya masomo. Uulizie sasa, kwa mwalimu mkuu na ofisi ya kaunti ndogo, na usijiuzulu kabla viza haijagongwa. Ukitaka mtu wa kukaa naye ana kwa ana kuhusu barua na fomu, ushauri wa EducationUSA ulio chini ya ubalozi wa Marekani Nairobi ni bure. Huko ndiko kwa kwenda, siyo kwa yule wa mjini.

Sasa usingizi. Watu wamekuambia subira yavuta heri, na nadhani umechoka kuusikia msemo huo. Mwili wako haukosi subira. Unafanya kile ambacho miili hufanya. Mwaka 2016 watafiti wa University College London waliwapa watu mchezo wa kukisia kama chini ya jiwe kuna nyoka. Nyoka akiwepo, mtu anapigwa shoti ndogo ya umeme mkononi. Waliohangaika zaidi, kwa jasho na mboni za macho, hawakuwa waliojua kwamba watapigwa. Walikuwa wale ambao hawakujua, nusu kwa nusu. Wewe upo katika nusu kwa nusu hiyo, na kila unapoifungua simu unainua jiwe. Usipokuta kitu unapata nafuu ya dakika tano, halafu hamu ya kuinua tena inarudi ikiwa kubwa zaidi. Kadiri unavyoangalia ndivyo unavyoufundisha moyo kwamba kuna hatari ya kuangaliwa.

Kuna jambo linaloweza kukusaidia ambalo ni la saa tu. Katika majira haya Nairobi iko mbele ya New York kwa saa nane na mbele ya California kwa saa kumi na moja. Ofisi za mashariki mwa Marekani zinafunguliwa saa kumi na moja jioni yako na kufungwa saa saba usiku. Za magharibi zinafungwa saa kumi alfajiri. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi, siku nzima ya kazi ya Marekani imekwisha pita, na kama kuna barua ipo tayari. Kwa hiyo angalia mara moja tu, saa kumi na mbili, ukiwa umeshanawa uso. Ukiangalia Jumamosi asubuhi, kwa kawaida hutakosa kitu mpaka Jumanne asubuhi. Zima arifa za barua pepe kwenye simu, na usiku iache chumba kingine, uamke kwa saa ya mezani. Habari njema iliyofika saa nane usiku itakuwa habari njema ileile saa kumi na mbili, na mbaya itakukuta umelala kwanza.

Mimi nilisubiri kwa posta. Nilikuwa mwalimu kama wewe, na sanduku la barua lilikuwa la shule. Barua yangu ilifika Aprili. Karani akaitia drooni pamoja na stakabadhi za chaki, nikaipata Mei. Tarehe ya kujibu ilikuwa imepita siku kumi na moja. Nilipanda basi usiku huohuo kwenda kutafuta simu ya kimataifa, nikaambiwa nafasi bado ipo. Lakini ninachokumbuka zaidi ni majuma yale kabla: nilikuwa nimeshajiambia nimekataliwa, nimeshagawa vitabu, nimeshakuwa mkali kwa wanafunzi ambao hawakunikosea kitu. Kukataliwa kule nilikuandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu.

Umesema huna usingizi tangu wiki mbili zilizopita. Jaribu hilo la simu kwa siku chache. Kama usingizi haurudi, au chakula hakishuki, au moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, nenda hospitali ukamwone daktari na umwambie yote, siyo kichwa kinachouma pekee. Hospitali za rufaa za kaunti zina watu wa afya ya akili. Na ikiwa lile neno lako, "nitauweka wapi uso wangu", linaanza kugeuka kuwa mawazo ya kwamba afadhali usiwepo, usingoje asubuhi. Mwamshe mtu nyumbani umwambie, akupeleke. Nalisema kwa sababu nimempoteza mwanafunzi, na hakuna aliyejua kwamba alikuwa akisubiri jibu.

Ukikosa kote? Hutakuwa wa kwanza wala hutakuwa umefungiwa. Kamati hubadilika kila mwaka, na kukataliwa mwaka huu hakuandikwi popote dhidi yako mwaka ujao. Wengi waliomo katika idara hizo waliomba mara mbili. Ukiomba tena, chagua idara kwa kuangalia nani yupo anayeweza kukusoma. Jina la chuo halitakusimamia. Idara ya Taaluma za Utamaduni wa Afrika ya Wisconsin–Madison, kwa mfano, ina uhusiano wa miaka mingi na fasihi za lugha za Kiafrika. Na omba msamaha wa ada ya maombi kwa barua, mapema. Vyuo vingi huutoa, ila hawautangazi kwa sauti.

Nitakuambia pia jambo ambalo wenzangu wa huko hawatakuambia: kwa utafiti wako, Marekani si lazima iwe kitovu. Mashairi ya Muyaka yalikusanywa Mombasa na Mwalimu Sikujua pamoja na mmishonari William Taylor, na miswada yake iko SOAS, chuo cha taaluma za Asia na Afrika huko London. Mkusanyo mkubwa wa miswada ya Kiswahili wa J. W. T. Allen uko katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, chuo hichohicho chenye Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI, ambako ungeandika tasnifu yako kwa Kiswahili na kusomwa na watu wasiohitaji kutafsiriwa ubeti. Bayreuth, Ujerumani, wanakutana kila mwaka kwa kongamano la Kiswahili. Fedha za Dar es Salaam ni ngumu kupata, sitakuficha, na maktaba za Marekani zina utajiri wa nadharia ambao utautamani. Lakini ukinyimwa mlango mmoja hujanyimwa somo.

Unakisoma Kiswahili cha hati za Kiarabu? Hukusema. Kama hukisomi, mtafute mwalimu wa madrasa hapo Kilifi au Mombasa akufundishe jioni. SOAS imeweka sehemu ya miswada yake mtandaoni. Ukurasa mmoja kwa usiku, polepole, kwa kalamu na karatasi. Mwombaji wa mashairi ya Lamu anayeweza kuusoma mswada bila kungoja mtu aliyeuchapa ni adimu sana mezani petu, na faili lake huliona kila mtu.

Uso wako uko mahali pake, mwalimu. Barua yoyote ikija yenye neno "fedha" ndani yake, usiijibu siku hiyo. Nitumie, niisome nawe mstari kwa mstari.